Kiti Chenye Mnyororo pale Mitunguu

Jumatatu, 7 Machi 2016

Siku kubwa. Mfumo umezaliwa! Kompyuta imewaka, printa imetema karatasi, na Mzee Mbaabu, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa ndizi, amevua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Kwanza iliombewa. Marcella, karani wa asubuhi, alisema hakuna kitu kinachoanza kazi katika chama hiki bila sala. Hata mizani iliombewa, na ndiyo maana haijawahi kumwibia mtu. Tukafumba macho. Akamsihi Mungu ailinde mashine na panya, ailinde na stima ya kupotea-potea, na ailinde na mafundi. Hapo nikafumbua jicho moja.

Kwa kumbukumbu: mimi si fundi. Mimi ni mtaalamu wa mifumo. Nimewaeleza hivyo Mitunguu nzima. Wananiita Fundi wa TV.

Kazi yenyewe ni rahisi. Mkulima analeta mikungu, inapimwa, kilo zinaingizwa kwenye kompyuta, risiti inatoka. Asubuhi Marcella, mchana Kivuti. Makarani wawili, kompyuta moja, kiti kimoja. Mpango safi. Niliupanga peke yangu, bila kumsumbua mtu kwa maswali.

Na kiti chenyewe! Cha magurudumu, kinazunguka, kimetoka Meru mjini. Tulipomaliza sala tu kikapotea. Nilikipata kwenye kamati ya mazishi, chini ya turubai, katibu amekikalia anazunguka polepole huku akisoma majina ya waliotoa pole. Nimekirudisha. Nimekifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa meza na kufuli la lango. Sasa nione! Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mbolea, chembamba kama kaburi. Kiti kikishaingia, hata kigoda hakipati pa kutulia.

Ijumaa inakuja lori ya mnunuzi wa Nairobi. Mwenyekiti alisema, akitabasamu, kwamba karatasi ya mzigo isipotoka kwenye mashine siku hiyo, basi mashine na Fundi wake warudi Nkubu pamoja. Nikatabasamu pia. Tangu watu wabebe mtandao mfukoni, duka langu la kompyuta pale Nkubu limekuwa duka la mayai, na si mimi ninayeyauza. Hii ndiyo kazi niliyobaki nayo. Nyumbani wanadhani ninazo nyingi.

Ufunguo wa kufuli nimeuficha chini ya mto wa kiti changu mwenyewe, sebuleni. Hakuna mahali salama zaidi duniani. Kile kiti hakikaliwi na mtu mwingine.

Jumanne, 8 Machi

Mama Mkwe amefika. Macho yanamsumbua, ana daktari hapa Nkubu wiki nzima. Analala kwa mama mmoja wa kanisa, bila shaka, lakini kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni yuko sebuleni kwangu. Mke wangu Kanana amemkalisha kwenye kiti changu, ndicho chenye mto. Nikanywa chai nyuma ya nyumba pamoja na kuku. Kanana alinipitishia kikombe dirishani. Mambo ya kawaida.

Kazini: maajabu. Marcella anachapa kwa mwili mzima, mabega mpaka visigino. Huisalimia skrini kabla ya kuanza, na mkulima akitaja kilo za uongo humgeuzia skrini imtazame. Asubuhi yote imeingia, hakuna mkungu uliopotea.

Mchana: hakuna kitu. Hata ndizi moja! Kilo zote zimeandikwa kwa chaki ukutani.

Mwenye chaki ni Kivuti. Mtu mrefu, mpole, wa Karurumo upande wa Embu, aliyeoa huku akabaki. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mashine imechoka. Imefanya kazi tangu asubuhi, na hata punda hupumzishwa. Nikamfafanulia kwamba kompyuta haichoki. Akaishika mgongoni, akanitaka na mimi niishike. Moto! Akanitazama kwa huruma.

“Fundi, kuku akipata joto namna hii, huwa ameatamia.”

Nina cheti cha kompyuta kilichowekwa kwenye fremu, na nikajikuta nainama kutazama kama kuna mayai.

Nikamwambia basi akae tu, ajizoeze. Akakitazama kile kiti jinsi mtu anavyotazama kisima kisichofunikwa. Akasema ana mgongo. Sote tuna mgongo, nikamwambia. Akakubali kwa adabu, akaenda kupima ndizi.

Mpango: feni.

Jumatano, 9 Machi

Feni imefungwa. Kompyuta baridi kama jiwe la mtoni. Sasa tuone.

Tumeona. Kivuti ameisifu sana feni, kisha akanijulisha kwamba hawezi kukaa kwa sababu ni Kwaresma. Wengine wameacha nyama, wengine pombe. Yeye ameacha viti.

Nimekuwa Mkatoliki tangu nibatizwe. Nimeona watu wakijinyima sukari, hata redio. Sijawahi kusikia mtu akijinyima viti! Nilisimama pale na bisibisi mkononi nikijiona mtenda dhambi mkubwa. Mimi mwaka huu sijaacha hata kitafunio.

Lakini mimi si mtu wa kudanganyika hivi hivi. Nina macho. Nimegundua kwamba zamu ya Marcella ikiisha, akitoka tu mlangoni, Kivuti huiacha njia na kuingia katikati ya migomba. Husimama humo ameinamisha kichwa mpaka mama apite. Na Marcella naye hupita akiwa amejivuta kitenge usoni na kutazama upande wa pili, kana kwamba upande huo kuna gwaride. Anayejificha ana jambo. Kuna njama dhidi ya mfumo wangu!

Mchana nikajificha nyuma ya kreti. Nilichokiona nitawaeleza wajukuu.

Kivuti amesimama nje. Dirisha liko wazi. Ameivuta kibodi kwa waya wake mpaka nje ya dirisha, ameiweka juu ya mkungu wa ndizi, na anachapa kwa kidole kimoja, wima, jua linampiga, mizani mkono wa kushoto na kompyuta mkono wa kulia. Skrini iko ndani, inatazama ukuta. Haoni anachoandika! Anachapa kwa imani.

Nilisahau kwamba najificha. Nikasimama kabisa, mdomo wazi. Mtu wa namna hii angezaliwa kwingine wangempeleka mwezini.

Shida ni kwamba haoni. Mkulima mmoja wa mtoni alileta mkungu wa kawaida, akatoka na risiti ya kilo elfu nne. Mkungu mmoja! Tulipotaka kuichukua akakataa katakata. Akasema mashine iliombewa, kwa hiyo haisemi uongo, na akaomba nakala ya pili awaonyeshe shemeji zake.

Nimefupisha waya wa kibodi. Kanana amenipa sahani ya githeri dirishani. Nilimweleza jinsi watu wengine walivyo wa ajabu, wa kufanyia kazi madirishani. Akanitazama kwa muda, kijiko kikiwa hewani, akafunga dirisha.

Alhamisi, 10 Machi

Nimekasirika. Nimemshtaki Kivuti.

Nilikwenda kwa Mzee Mbaabu nikamwambia yote: kuatamia, Kwaresma, dirisha. Nikasema mfumo hauna kosa, mtumiaji ndiye mwenye kosa. Mzee akasikitika sana, kwa maana Kivuti ni mchapakazi. Lakini akatoa neno. Kesho, lori ikifika, Kivuti akae kwenye kiti aingize kilo za mchana. Asipokaa, kazi imeisha, na mimi nifungashe mashine yangu nimfuate.

Kivuti alikuwa mlangoni. Alisikiza huku akizungusha kofia mikononi. Nilitarajia hasira au kisingizio kipya, na kusema kweli nilikuwa nakingoja kwa hamu. Hakutoa. Alisema tu, “Fundi, kuna viti ambavyo mtu hakai.” Akarudi kwenye mizani yake. Mgongo ulikuwa umenyooka. Hauna shida yoyote, ule mgongo.

Nimeliandika hilo hapa kama ukaidi.

Halafu Marcella! Marcella ambaye huniletea ndizi mbivu kila siku! Alinijia kama mvua ya Aprili. Alisema mimi ni msomi aliyepita shuleni bila kushuka. Alisema ana binti na wajukuu, na hao wajukuu wanakula kwa mikono ya Kivuti. Nikamuuliza wajukuu wake wanahusiana vipi na kompyuta. Akafunga mdomo. Akafungua. Akafunga tena.

“Aai! Na wewe ni mtu wa hapa hapa!”

Akaondoka akiongea na migomba. Sikuelewa chochote. Nikahesabu kuwa ni joto.

Jioni: mvua. Nimekula chini ya ukingo wa paa na gunia kichwani, sahani ya mukimo ikijaa maji kila nikichelewa. Kanana alisema niingie ndani, mama yake amekwenda kunawa mikono, kiti kiko wazi. Nilishtuka.

“Mimi? Nikae alipotoka kukaa mama yako? Na mto bado una joto lake? Umewahi kuniona nimekosa adabu?”

Akasema hajawahi. Nikaendelea na mukimo, nikamweleza habari za yule mkaidi wa Karurumo asiyetaka kukaa kwenye kiti kizuri baada ya Marcella kukitoka, hata kama ni kupoteza kazi.

Kanana akaegemea dirisha. Kisha Kanana akauliza kama namkumbuka bwana harusi wa Makandi, yule msichana wa Mitunguu. Nikasema namkumbuka, mrefu, mpole, nilikula kwenye hiyo harusi mara mbili. Akauliza jina lake. Nikasema ni… ni Kivuti. Akauliza mama yake Makandi ni nani.

Sahani ilinitoka. Kuku wakala.

Marcella ni mama mkwe wake! Mimi, mtoto wa Imenti niliyelelewa nikizijua heshima za wakwe, kwamba kiti cha mkwe hakikaliwi wala jina lake halitajwi, nimemfunga mwanamume mzima kwa mnyororo kwenye kiti cha mama mkwe wake! Na yeye, badala ya kunitukana, alitunga kuku, alitunga Kwaresma, alichapa bila kuona akiwa nje ya dirisha, ili tu asiniambie usoni kwamba sina adabu!

Kanana alicheka mpaka Mama Mkwe akauliza kupitia ukuta kama kuna mtu anaumwa.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nastaajabu.

Ijumaa, 11 Machi

Asubuhi ndipo nikaukumbuka ufunguo, mbio kwenda kuuchukua. Uko chini ya mto. Mto uko chini ya Mama Mkwe. Mama Mkwe yuko kwenye chai.

Kanana akasema atamwomba mama ainuke kidogo. Nikamwambia thubutu! Aambiwe ainuke kwa sababu mkwe wake ameficha kitu hapo anapokaa? Nitaonekana wapi tena? Nikapanda pikipiki bila ufunguo.

Nilipofika Mitunguu lori ilikuwa tayari imeegeshwa, dereva anakula ndizi zetu. Kivuti alikuwa anaipangusa mizani polepole, kila sahani, kila ndoano, jinsi mtu anavyompangusa ng’ombe aliyemuuza. Kofia ameshaifunga kwenye mfuko na koti lake la mvua. Sikuweza kumtazama. Nilikimbia kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nikaazima msumeno, nikaingia chini ya meza.

Watu walijaa mlangoni. Mzee Mbaabu akapiga kelele kwamba nitauawa na stima. Nikauliza stima gani. Akasema ya mnyororo! Kumbe chama kizima kilidhani mnyororo ni sehemu ya kompyuta. Waliamini mashine haiwezi kuwaka kiti kikitolewa. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniomba nikifungue, wala kukigusa. Kamati nzima ilikuwa ikiuzunguka mnyororo wangu kwa unyenyekevu, wakubwa kwa wadogo. Nilikaa chini ya ile meza kidogo, msumeno mkononi. Heshima yote hiyo kwa kufuli la lango!

Mnyororo ukakatika. Kompyuta haikuzima. Watu wakapiga makofi, wawili wakasali.

Nikakisukuma kiti nje mpaka kivulini, nikasema hiki ni cha mama Marcella, akipumzikie. Nikachukua kreti tupu ya ndizi, nikaipindua mbele ya kompyuta. Sikusema neno lolote la ukwe. Nilisema tu kwamba nimegundua hitilafu ya kitaalamu.

Kivuti akaitazama kreti. Akanitazama mimi. Kisha akakaa.

Jamani! Vidole vyote kumi! Kijana huyu tangu Jumatatu amekuwa akijifunza kwa kuchungulia dirishani. Kilo za ukutani zikaingia zote, printa ikaimba, karatasi ya mzigo ikatoka ndefu kama shuka. Dereva akaisoma, akatikisa kichwa, akasema hata Nairobi hawapewi safi hivi. Mzee Mbaabu akatangaza kwamba Kivuti abaki, na mashine ibaki. Kuhusu mimi alisema, “Na huyu Fundi wa TV pia.”

Halafu likaja jambo nililolipenda kuliko yote. Marcella alikuwa kivulini kwenye kiti cha magurudumu, kitenge usoni, ametugeuzia mgongo. Akauambia mgomba:

“Kuna mtu ameandika vizuri leo.”

Kivuti naye, bila kuinua kichwa, akaiambia mizani:

“Mizani inashukuru.”

Nimefunga mifumo mingi. Sijaona mawasiliano yaliyofika salama namna ile, na hapakuwa na waya.

Jumamosi, 12 Machi

Nimeapa. Kuanzia leo nitawauliza watu kwanza, mashine baadaye. Nimeandika kwa wino. Nimemsomea Kanana dirishani, akasema amina.

Mama Mkwe amesikia habari. Alimwambia Kanana, nami nikiwa nje nikisikia kila kitu, kwamba amwambie baba watoto kuwa mkwe anayejua heshima ni baraka. Nikamwambia Kanana amwambie mama kwamba ameshukuru… yaani nimeshukuru. Nilichanganyikiwa kwa furaha.

Jumatatu, 14 Machi

Karurumo! Sifa zimevuka mto! Bwana Gichovi, meneja wa chama cha maziwa kule, ni jirani ya nyumbani kwa kina Kivuti. Ameniita. Kazi mpya! Nimekwenda na moyo mnyenyekevu, na viti vingi. Kila karani na kiti chake. Nani alisema mzee hajifunzi?

Taabu yao ni tofauti: wanasahau paswadi. Igoki, katibu wao, hubadilisha yake kila siku na kuisahau kabla chai haijapoa. Mwenyewe anajivunia kwamba hata yeye hawezi kujiibia.

Jambo hili nimelitatua kwa fikira moja tu, kabla sijatoka nyumbani. Swali la siri! Ukisahau paswadi, mashine inakuuliza kitu ambacho huwezi kukisahau maishani. Kitu gani? Nilifikiri kuhusu jina la ng’ombe, lakini ng’ombe huuzwa. Jina la shule? Wengine walipita bila kushuka. Ndipo likanijia, zuri, safi, la kienyeji, la kuonyesha kwamba sasa nawajua watu wangu: mwanamume aandike jina la mama mkwe, mwanamke la baba mkwe, nisiambiwe nabagua. Ni nani asiyejua jina la mkwe wake?

Nimejaribu kwanza kwenye yangu, nyumbani. Ajabu, vidole vilikataa. Viligoma juu ya kibodi kama mbuzi mbele ya daraja, jasho likanitoka. Nadhani ni baridi ya Nkubu. Kanana akaniandikia. Imefanya kazi vizuri kabisa! Nimeifunga kwa kila mtu, na kuongeza kwamba jina litajwe kwa sauti mbele ya meneja, kwa usalama zaidi.

Sikuhitaji kumuuliza mtu.

Jumanne, 15 Machi

Gichovi amepiga simu. Ofisi nzima imefungiwa nje ya kompyuta. Hakuna hata mmoja aliyejibu swali! Igoki amesema koo linamwasha. Karani wa mapokezi ameandika “Mama wa Mke Wangu”, mashine ikamkataa, akairudia kwa herufi kubwa zaidi. Mhasibu amesema ameacha majina, ni Kwaresma. Na Gichovi mwenyewe, meneja, mtu wa shahada, alikuwa ananipigia akiwa nje ya dirisha, asije akaulizwa na yeye.

Nimekaa chini hapa na kuku nikistaajabu. Nilidhani Mitunguu nimeona yote. Kumbe Mungu alikuwa bado hajanionyesha Karurumo! Watu wakaidi namna hii, kwa pamoja, bila kupanga, na bila sababu yoyote.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Mama Mkwe ameondoka leo, nimeuchukua ufunguo wa kufuli langu. Kesho napita kwa fundi wa kuchomelea kununua mnyororo: hakuna atakayeondoka kwenye kiti chake kabla ya kutaja jina.